Unga wa Muhogo Juu ya Paa Langu

Sifa zote ni za Mungu, aliyenifikisha umri huu nikiwa bado na meno ya kutafunia na mke wa kula naye. Yeye ndiye aliyeliweka jua juu ya Nambale na hakulifungia mita. Namshukuru hasa kwa subira aliyonipa, maana bila hiyo ningekuwa nimemvunja jirani yangu mguu kitambo, na haya ningeyaandikia korokoroni.

Mke wangu ana kisukari. Kidonda kilimtoka chini ya mguu, na kila Alhamisi alitakiwa kufika hospitali ya misheni kule Nangina kisafishwe na kufungwa upya. Kwa muda mrefu aliyetupeleka ni jirani, mwenye kisiagi cha kusaga unga upande wa pili wa ua, kwa gari lake la kukodisha. Akichelewa yeye, tulichelewa sisi. Ndipo watoto wetu walipotununulia gari dogo la umeme, nasi tukaweka paneli za sola juu ya paa. Tulilichaji hapo hapo uani, waya ukipitia dirisha la jikoni. Siku moja ya jua ilitosha kutufikisha Nangina na kuturudisha.

Jirani hakupenda.

"Mzee, mvua ikinyesha hilo gari litakula nini?" aliniuliza mbele ya wateja wake. "Litakula sadaka?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Baada ya muda gari likaanza kudhoofika. Nachaji kutwa nzima, betri haifiki hata nusu. Nilidhani betri imeugua. Mimi na wazee wenzangu wa kanisa tulilizunguka lile gari, tukaliwekea mikono, tukaliombea kwa sauti. Alhamisi iliyofuata likazima kabla hatujafika Bumala. Ilibidi mke wangu apande bodaboda, na njiani mguu wenye bandeji ukagusa ekzosi. Alipofika hospitalini alikuwa ameungua juu ya kidonda. Daktari alituambia waziwazi kwamba mambo yakiendelea hivyo, mguu utakatwa.

Kesho yake niliegemeza ngazi nikapanda juu ya paa. Paneli zote zilikuwa nyeupe. Unga wa muhogo ukilala na umande huwa gundi, na gundi hiyo ikipigwa na jua hukauka kama plasta. Nikainua macho. Bomba la kisiagi, ambalo miaka yote lilitema vumbi lake kuelekea barabarani, lilikuwa limeungwa kona mpya ya bati, na mdomo wake ulinitazama mimi.

Nilimwendea.

"Upepo ni wa Mungu, mzee wa kanisa," alisema, akijipangusa unga kwenye kope. "Mshtaki yeye."

Nilirudi nyumbani nikafungua mashtaka, ila si dhidi ya upepo. Kila asubuhi kabla ya chai nilipiga magoti, nikamtaja mtu huyu kwa jina lake na la babake, nikaeleza habari ya ule mguu. Sikuomba afe. Niliomba siku moja anihitaji. Kisha nilipanda ngazi na umri wangu huu, nikakwangua, na jioni paneli zilikuwa nyeupe tena. Gari likawa linatufikisha Alhamisi hii, Alhamisi ijayo linakataa.

Mungu hakukawia sana. Petroli iliadimika. Pampu za Busia zikafungwa, na hata yale madumu yanayovushwa kutoka Uganda hayakuonekana. Kisiagi cha jirani ni cha stima, si cha mafuta, kikaendelea kusaga na kunitemea, lakini gari lake lilikauka. Alhamisi asubuhi nikamkuta langoni kwangu amevaa suti. Ilikuwa siku ya kupeleka Malaba mahari ya mwanawe, na wakwe walikuwa wanamngoja mchana huo.

"Mzee wangu," alisema. Hakuwahi kuniita wake. "Hakuna gari linalotembea ila lako."

"Lina njaa," nikamwambia. "Unga wako umelikaba. Rudisha bomba lilikokuwa, halafu panda uoshe. Lakini sikufichi, safari ya kwanza ni ya mke wangu, Nangina. Moto utakaobaki kwenye betri ndio wako."

"Nitalowesha suti, mzee."

"Upepo utaikausha. Ni wa Mungu."

Akang'oa ile kona ya bati, akavua koti, akapanda. Alikwangua kwa mwiko, akasugua kwa gunzi na maji. Mimi niliketi chini na kikombe changu cha chai, nikimwonyesha alipoacha. "Pale pembeni, jirani. Bado." Wateja wake wakaja kutazama. Mwanamke mmoja mwenye beseni la muhogo akamwita, "Boss, siku hizi unasagia huko juu?"

Jua liliwaka vizuri. Kufikia saa sita, namba kwenye kioo cha gari zilikuwa zimepanda kuliko nilivyoziona kwa miezi. Zilitosha Nangina, kwenda na kurudi. Au zingetosha Malaba. Kote kuwili hazikutosha.

"Mzee, tafadhali," jirani alisema, mikono ikimchuruzika uji. "Mama anaweza kwenda kesho. Wakwe hawangoji."

Mke wangu alikuwa ameshaketi, mguu ameunyoosha. Akashusha kioo cha mlango. "Hata huu hautangoja, jirani," alisema kwa upole. "Jiulize nani aliupandisha bodaboda."

Nikaondoka. Gari la umeme halina kelele, kwa hiyo nilimsikia akiita mpaka tulipofika barabarani. Namshukuru Mungu kwa ukimya ule.

Alifika Malaba kwa bodaboda moja iliyobakiwa na petroli, unga kwenye nywele, chakula kikiwa kimekwisha kuliwa, na wakwe wakamtoza faini ya kuchelewa kama desturi inavyotaka. Mzee mmoja aliyekuwa kwa wakwe siku hiyo ndiye aliyenisimulia. Nilimwomba anisimulie mara ya pili.

Mchungaji naye alisikia, akaja kuniuliza kama moyo unanisuta. Nikasema hapana. Akaniambia nipeleke jambo hilo kwa maombi. Nimelipeleka, na bado haunisuti. Paneli zilibaki safi, hatukukosa tena hata Alhamisi moja, na kidonda kikafunga. Mke wangu sasa huenda kanisani kwa miguu yake miwili, na akipita penye kisiagi husalimia kwa sauti ili mwenyewe atoke amwone.

Nawe unayesoma, kama una mgonjwa nyumbani, Mungu akufikishe kwa daktari mapema, akurudishe naye salama, na akupe siku nyingi za kutembea naye bega kwa bega.