Sikujua Ninaongea na Nani

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha katekisimu, hapa parokiani kwetu Marangu, nilipata mwanafunzi aliyenivuruga kabisa. Alikuwa jirani yangu, mpagazi wa mlimani anayebeba mizigo ya watalii, mwanaume wa miaka arobaini na kitu. Mke wake Mkatoliki alikuwa amemzalia watoto wanne na sasa alitaka ndoa ya kanisani, ndiyo maana mume akaja kujiandaa kwa ubatizo. Wenzake watano darasani walisinzia, maana Jumamosi mchana watu wametoka kuchuma kahawa. Yeye hakusinzia. Alisikiliza kila neno, na shida ilianzia hapo.

Somo la Utatu Mtakatifu nilikuwa nalifundisha kwa mfano wa maji, kama nilivyofundishwa mimi: yanaweza kuwa maji, barafu au mvuke, lakini ni kitu kile kile. Siku hiyo nikataja na barafu ya Kibo, kileleni Kilimanjaro, ili wanielewe vizuri. Jirani yangu akanyoosha mkono, akaniuliza kama nimewahi kufika huko juu. Nikasema hapana.

"Mimi nimefika, mwalimu. Barafu ikiyeyuka, barafu hakuna tena. Sasa Mwana alipokuja duniani, huko mbinguni alibaki nani?"

Nikarukia mfano mwingine. Mtu mmoja ni baba kwa watoto wake, mume kwa mke wake, na mtoto kwa mama yake. Akafikiri kidogo, akauliza: kama ni hivyo, Yesu alipomwomba Baba kule bustanini, alikuwa anajiongelesha mwenyewe? Darasa zima likaamka. Niliwaambia muda umekwisha, ingawa ilibaki nusu saa.

Nilikwenda kwa padre, nikamkuta analisha sungura wake nyuma ya nyumba. Aliposikia mifano yangu alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba yote miwili inaangukia kwenye makosa ambayo Kanisa liliyakataa zamani sana. Nikawafikiria watoto wote niliowafundisha. Nikamwomba anipe mfano ulio sahihi. Akasema hana. Niseme tu nafsi tatu, Mungu mmoja.

Jumamosi iliyofuata nikasema hivyo. Jirani akauliza nafsi ni nini, kwa sababu yeye akisema nafsi yake inamsuta, anajisema yeye mwenyewe, na yuko mmoja tu. Nikamjibu kwamba sijui. Ilikuwa mara ya kwanza kusema neno hilo mbele ya darasa.

Baada ya hapo mimi ndiye niliyeharibikiwa. Nilizoea kuongea na Mungu jikoni nikimenya ndizi, kama unavyoongea na mtu aliye chumba cha pili. Sasa kila nikianza, najiuliza ni yupi kati ya watatu ananisikia. Nikijiambia ni mmoja, nahisi nimewaacha wawili mlangoni. Wiki kadhaa nilimenya ndizi kimya, mpaka mume wangu akaniuliza amenikosea nini.

Kabla ya Pasaka padre aliwahoji wanafunzi wangu mmoja mmoja, nami nikiwa nimekaa pembeni. Alipofika kwenye Utatu, jirani yangu akasema, "Nafsi tatu, Mungu mmoja. Naamini, Padre. Lakini sijaelewa, na mwalimu wangu naye hajaelewa."

Niliangalia sakafu. Padre akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwambia aende akamwite anayefuata.

Alibatizwa, akafunga ndoa, na wiki hiyo hiyo akapata safari ya kupandisha wageni. Nilimkuta barabarani na begi lake, nikamuuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba siri, yeye akisali anaongea na nani.

"Na Mwana," akasema. "Alipanda kilima amebeba mzigo. Huyo namwelewa."

Alisema hivyo kirahisi tu, akaenda zake. Nilibaki nimesimama pale, sijui kama nimwonee wivu au nimrudishe darasani. Siku hizi mimi huanza kwa kusema "Mungu," halafu nanyamaza kidogo, nikisubiri nisichokijua. Bado nafundisha kila Jumamosi. Padre sijamuuliza kama inaruhusiwa kuchagua.