Mume Nisiyemjua Alininyima Cheo

Mwaka wa 1978 nilipata barua ya serikali ikiniarifu kwamba nina mume.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nikiishi na mama yangu katika mtaa wa Ruring'u, na mwanamume pekee asiye ndugu aliyewahi kuingia nyumba ile ni fundi wa mabati.

Barua ilisema rufaa yangu kuhusu kupandishwa cheo imekataliwa, kwa kuwa mume wangu, Bwana Wamae, amepinga mimi kupelekwa Isiolo.

Wamae gani?

Niliisoma mara nne. Nikaigeuza nyuma, kama vile huko nyuma kungekuwa na picha yake.

Wacha nianze mwanzo, unielewe.

Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Nyeri. Masjala ndipo faili zote hukaa. Barua ikiingia, unaigonga muhuri, unaipa nambari kwa wino mwekundu, unaifunga kwenye faili yake. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma kitabu cha kanuni saa za chakula cha mchana, wenzangu wakiwa hotelini.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Mathenge. Mtu wa tai, hata Jumamosi.

Nafasi ya karani mkuu ilipotokea mara ya kwanza, alipewa kijana niliyemfundisha kazi. Nikanyamaza.

Mara ya pili alipewa mwingine niliyemfundisha. Nikaenda kuuliza, kwa adabu. Bwana Mathenge alinijibu bila kuinua macho, kwamba msichana unampa cheo leo, kesho anaolewa, keshokutwa anaomba ruhusa ya kujifungua, na serikali inabaki na kiti kitupu.

Mara ya tatu akapewa Muriithi.

Huyu Muriithi, jamani, alikuwa akifunga barua za Karatina kwenye faili ya Kiganjo. Mimi ndiye niliyekuwa nikizitoa.

Hapo nilichemka. Lakini mimi huchemka kama githeri, yale mahindi na maharagwe, polepole na kwa muda mrefu.

Nafasi hiyo ya tatu ilikuwa ya Isiolo. Niliandika rufaa, nikataja miaka yangu tisa ya kazi na majina ya wote niliowafundisha, nikaituma Nairobi. Baada ya miezi mitano ndipo nikajibiwa kwamba nina mume.

Mama aliposikia aliniambia niachane na hayo mambo, serikali haishindwi. Sikushangaa. Kaka yangu Ndungu alikuwa utingo wa lori, na majambazi walimuua kwenye barabara ya Isiolo mwaka wa 1966. Mama alikuwa amebaki na mimi tu. Hata jina la mji huo hakupenda litajwe nyumbani.

Lakini sikuachana nayo. Kwa sababu moyoni nilishajua aliyefanya hivyo ni nani.

Jibu la Nairobi lilitaja barua ya Wamae iliyomo kwenye faili yangu ya siri, na ofisi nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la faili za siri.

Nikaapa kwamba Mathenge ataondoka kwenye kile kiti nikimwangalia.

Kitabu cha kanuni kilisema ukikataliwa unaweza kuomba usikilizwe ana kwa ana, mara moja tu. Mathenge hakujua kifungu hicho kipo. Mimi nilikijua kwa nambari.

Februari 1979, kamati ya watu watatu ikaja Nyeri. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja mpole aitwaye Kingori.

Mathenge aliingia na faili yangu akitabasamu. Akaisoma ile barua. Ilikuwa imepigwa taipu: "Mimi Wamae ni mume wa Kagure. Mke wangu ana shamba la kuangalia. Haendi Isiolo." Chini yake kulikuwa na sahihi kama mkwaruzo wa kuku.

Mimi nilikuja na baba yangu mdogo, Mzee Theuri, ndugu ya marehemu baba.

Kwetu mwanamke hahesabiwi kuwa ameolewa mpaka ngurario ifanywe. Mnyama huchinjwa nyumbani kwao, na bega hukatwa mbele ya ndugu. Bila hilo bega, hakuna ndoa, hata kama mnalala kitanda kimoja.

Mwenyekiti akamuuliza, "Mzee, huyu msichana ameolewa?"

"Hilo bega lingekatwa mbele yangu," akasema Mzee Theuri. "Hiyo nyama nimeingoja mpaka meno yameisha."

Kamati ikacheka. Mathenge hakucheka.

Mwenyekiti akamgeukia. "Huyu Wamae, ulimwona?"

"Hapana, mzee."

"Ulimwita Kagure ukamuuliza?"

"Mzee, mwanamke atapinga namna gani neno la bwana yake?"

"Na Muriithi je? Bibi yake aliulizwa kama anataka aende Isiolo?"

Mathenge akaanza kupekua faili yangu, kana kwamba bibi wa Muriithi yumo humo.

Nilikuwa nimeshinda. Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na kisa cha kuwaandikia.

Mwenyekiti akaniuliza nadhani nani aliandika barua ile. Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na hasira ya miaka tisa.

"Mwenye ufunguo," nikasema, nikamnyooshea kidole.

Mathenge akasema barua ilikuja kwa posta. Nikaomba ruhusa kumuuliza swali moja tu la masjala.

"Kama ilikuja kwa posta, muhuri uko wapi? Nambari ya wino mwekundu iko wapi?"

Akasema alifungua bahasha mwenyewe akaiweka moja kwa moja kabatini. Ukweli huo ukasikika kama uongo wa mtoto.

Aprili akafutwa kazi kwa kughushi. Pensheni hakupata. Mimi nikapewa cheo cha karani mkuu pale pale Nyeri.

Siku yake ya mwisho, mtu wa kupokea vitu vya ofisi nilikuwa mimi. Nilimfanya asaini kila kitu kivyake. Kiti, saini. Kibanio, saini. Kikombe cha serikali, nikakigeuza kuona kama kina ufa, saini. Nitawaambia kweli: nililala vizuri wiki hiyo kuliko wiki yoyote maishani.

Lakini kisasi hakina tumbo la kushiba. Nikataka afungwe.

Sasa ufunguo wa kabati ulikuwa wangu. Nikachukua barua ya Wamae, nikaiangalia vizuri. Herufi ya k ilikuwa imeruka juu ya mstari kila mahali. Nikashuka Majengo, karibu na msikiti, ambako waandishi wa barua za watu walikuwa wakikaa na taipu zao. Nilipitia mmoja mmoja. Nilitaka shahidi wa kusema Mathenge alikuja hapa.

Wa tatu alikuwa Mzee Abdille. Alivaa miwani, akaitazama.

"Hii mashine ni yangu. Hiyo k iko hivyo tangu niinunue."

"Aliyekuja alikuwa amevaa tai?"

"Tai gani? Alikuja mama mmoja na kiondo mgongoni. Ati binti yake anapelekwa Isiolo, watamuua kama kaka yake. Alilia hapa mpaka nikamletea chai. Hata jina la huyo mume ni mimi niliyemtungia."

Sijui niliagana naye vipi.

Mama alikuwa akimenya viazi. Nikaiweka barua mezani mbele yake. Hakujua kusoma, lakini aliijua.

"Kwa nini hukuniambia hata wakamfukuza mtu?" nikamuuliza.

"Niseme, nani angefungwa?" Akaendelea kumenya. "Mimi nilitaka siku zipite, nafasi ichukuliwe na mwingine. Nilijua huyo mkubwa wako atakuita akuulize, uudhike kidogo, iishe. Kwani ni nani hupokea barua juu ya mwanamke na hamuulizi mwanamke mwenyewe?"

Nikaichukua barua pale mezani, nikaikunja.

Kesho yake niliweka karatasi kwenye taipu niandike Nairobi kwamba Mathenge hakughushi. Niliandika tarehe. Nikaitoa.

Nilijiambia ni kwa ajili ya mama. Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka arudi kwenye kile kiti.

Mathenge alihamia Kenol akawa anauza mafuta ya taa. Alikufa 1991. Nilistaafu 2004. Mama alitutoka miaka miwili baadaye, na sasa hakuna wa kufungwa tena ila mimi na dhamiri yangu.

Kwa hivyo, watoto wa Mathenge, popote mlipo: baba yenu hakuandika ile barua. Mlipokuwa mkitaniwa shuleni kwamba ni watoto wa mghushi, mlionewa, na aliyewaonea ni mimi.

Na ninyi wengine mnaonyimwa haki kazini, kateni rufaa mpaka mlango wa mwisho. Ila mshtakini mtu kwa lile alilolifanya. Linatosha.

Mathenge alifukuzwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Lile alilolifanya, mara tatu, halikuandikwa kwenye faili yoyote mpaka leo nilipoliandika hapa.