Nyumba ya Kiogoro Kabla Haijawa Yangu

Baba yangu hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yangu. Si kwamba tumekosana. Sisi Abagusii tuna adabu tunayoiita chinsoni, na kwa adabu hiyo baba haingii kwa mwanawe aliyeoa. Wengi siku hizi wamelegeza, wanaingia sebuleni na kuangalia mpira kama kawaida. Baba hajalegeza hata kidogo. Alipokuja Nakuru kutibiwa macho alilala kwa mpwa wake, na kwangu aliishia kwenye ngazi, akapiga gumzo na wajukuu zake pale nje huku mke wangu Kemunto akiwatuma wampelekee sahani.

Kwa hiyo nilipoona tangazo la bangalo linalouzwa Kiogoro, nje kidogo ya mji wa Kisii, lililokarabatiwa kisasa, vyumba vitatu na maji ya moto, nilijua kwamba kazi haitakuwa kwa muuzaji. Kazi ingekuwa Ekerenyo, kwa Baba. Nilikuwa nimepata uhamisho wa kikazi kuja Kisii, na nyumba hiyo niliitaka kwa moyo wote. Lakini Kemunto alinieleza wazi kabla sijaondoka.

"Mzee akikataa, hatununui," alisema. "Mimi siwezi kulea watoto kwa nyumba haina baraka yake."

Na Baba alikuwa ameshaniambia kwa simu kwamba haoni kwa nini mtu mwenye shamba la urithi ahangaike na boma la watu.

Ijumaa mchana nilitoka Nakuru peke yangu na kukanyaga mafuta. Baba ni mzee wa kanisa la Wasabato, na gari linaloingia bomani kwake baada ya jua kuzama Ijumaa, Sabato ikiwa imeshaanza, hupokewa kwa ukimya ambao sitaki kuueleza. Kericho mvua ilinikamata, lori la majani chai likanifunika kwa matope, nikalitukana kimoyomoyo mpaka nilipolipita. Kufika Ikonge, karibu na nyumbani, jua lilikuwa bado linawaka kwenye migomba, nikaanza kuimba. Mama alinipokea langoni akicheka, akasema ameniombea kona zote.

Jumamosi sikutaja nyumba. Nilikaa kanisani asubuhi na alasiri kwa utulivu ambao haukumdanganya mtu yeyote. Jua lilipozama tukaketi kula, na Baba mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Hiyo nyumba ya watu, tunaenda kuiangalia kesho saa ngapi?"

Tonge la ugali wa wimbi lilitaka kunikaba. Mama alinisukumia maji bila kunitazama.

Jumapili asubuhi Baba alitoka amevaa suti ya kanisani na viatu alivyovipiga rangi mwenyewe. Njiani alinifundisha kuendesha gari, ingawa yeye hajawahi kushika usukani. Kila bodaboda iliyobeba mikungu ya ndizi aliiona kabla yangu na kunitangazia. Nyamira mjini aliniamuru nisimame tununue mkate na sukari.

"Tata, tunaenda kuangalia nyumba," nilimwambia. "Hatuendi kuposa."

"Ni nyumba ya mtu," alijibu. "Unataka tuingie mikono mitupu?"

Nikanunua mkate na sukari. Kisha akataka tupitie Kisii mjini kwanza, auone. Yeye anauita Bosongo, jina la zamani la tangu wazungu walipokuja kukaa pale, na kila jengo refu lililoota tangu safari yake ya mwisho alilihesabu kuwa kosa. Msongamano ulikuwa mkubwa, lori la ndizi limeziba njia, na mimi nikiangalia saa. Mwenye nyumba alikuwa ameniambia kuna mnunuzi mwingine anakuja saa nane, na atakayesema ndiyo kwanza ndiye atakayepewa.

Saa sita kasorobo tulifika Kiogoro. Nyumba imekaa juu ya mteremko, mabati mekundu, madirisha mapana, na mbele yake nyasi zilizokatwa vizuri. Mwenyewe ni Mama Nekesa, nesi mstaafu kutoka Bungoma, aliyeinunua ikiwa kuukuu, akaifanya mpya, na sasa anarudi kwao kuishi karibu na dada zake. Alitupokea kwa furaha, akamshika Baba mkono kwa mikono yote miwili na kuupokea mkate kama zawadi ya harusi.

"Mama, hapa kuna kaburi?" Baba aliuliza kabla ya jambo lolote.

"Hakuna, mzee. Hata aliyeniuzia alienda kuzika kwao."

Baba akaitikia kwa kichwa. Lakini kwenye kizingiti alisimama. Nikajua yameisha. Nilijiona nikimrudisha Ekerenyo na kumpigia Kemunto simu ya huzuni.

"Nyakundi," aliniita, "umeambia huyu mama utanunua?"

"Bado, Tata."

"Umetoa chochote?"

"Sijatoa hata shilingi."

"Kwa hivyo hii nyumba si yako."

"Si yangu."

Alipangusa viatu kwenye zulia la mlangoni, upande mmoja, kisha mwingine, akapiga hodi na kuingia.

Ndani, Baba alikuwa mtu ambaye sikuwahi kumwona. Aligonga vigae kwa kisigino. Alifungua kila kabati. Jikoni, ambako hakuna ukuta wa kutenga na sebule, alicheka mpaka akashika meza.

"Sasa wageni wote wanaona mtu akipika! Na sufuria ikiungua?"

"Watasaidia kuosha," Mama Nekesa alimjibu.

Alifungulia maji ya moto na kuosha mikono, akayafunga, akayafungulia tena. Kisha akauliza chumba cha wenye nyumba kiko wapi. Mama Nekesa akamwonyesha mlango wa mwisho. Mimi nilibaki koridoni, kwa sababu mtu na baba yake hawasimami pamoja penye kitanda, hata kama kitanda ni cha nesi wa Bungoma.

"Choo iko hapa hapa!" nilimsikia akishangaa. "Hatua mbili kutoka kwa kitanda!" Dirisha likafunguliwa. "Jua la asubuhi itaingia huku. Ni mzuri."

Nilidhani anatazama bonde. Baada ya muda nikasikia sauti yake ya chini, ya Kigusii, ile anayotumia kufunga ibada. Alikuwa anaomba. Alilitaja jina langu, akamtaja Kemunto, kisha watoto mmoja mmoja, na kuomba kwamba watakaolala humo walale salama. Machozi yalinitoka. Nikageukia ukuta na kujifanya nakagua rangi.

Mama Nekesa alituwekea chai mezani sebuleni. Baba aliketi kwenye kochi kubwa, akaegemea. Tukaimaliza ya kwanza, na mwenyeji akaniangalia mimi.

"Sasa, Bwana Nyakundi, unasemaje? Yule mwingine atafika hivi karibuni."

Nilifungua mdomo. Baba akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Usijibu saa hii," alisema. "Nikunywe chai kwanza."

Alikunywa ya pili. Alikula mkate aliouleta mwenyewe. Alimuuliza Mama Nekesa habari za Bungoma, za mvua, za bei ya mahindi huko kwao. Mimi nilikuwa nakaangika. Saa ilikuwa saba na nusu, na mzee anauliza mahindi! Akaomba ya tatu, kisha akaishika mkononi bila kuinywa, akiangaza macho darini, kwenye taa, kwenye kona ambapo yamkini kiti changu kitakaa.

Hapo ndipo nilipong'amua. Nikisema ndiyo, nyumba itakuwa yangu, naye atalazimika kusimama na kutoka. Hatarudi humo tena. Hakuwa ananichelewesha. Alikuwa amenitembelea.

Mama Nekesa alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mzee," aliuliza polepole, "akishanunua, wewe utaingia tena?"

"Hapana, mama. Hiyo ni nyumba ya mtoto."

"Hata kwetu kuna mambo kama hayo," alisema. Akachukua simu, akampigia yule mnunuzi mwingine na kumwomba aje saa kumi, kwa kuwa ana wageni. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kuanua nguo, akatuacha wawili.

Baba aliniuliza kama gari linakula mafuta sana. Nikamwuliza kuhusu mgongo wake. Tuliketi kochi moja, bega kwa bega, kitu ambacho hatukuwa tumefanya tangu nioe, nami nilifurahi kiasi kwamba sikuangalia saa tena.

Hatimaye alimaliza chai yake, akasimama, akatoka nje na kusimama kwenye nyasi. Akafunga kifungo cha koti.

"Sasa mjibu," alisema.

Nikamwita Mama Nekesa, nikamwambia ndiyo.

Jioni tulirudi Ekerenyo Baba akiimba nyimbo za kwaya, nami nikiitikia. Miaka yote nilidhani adabu yake ni rahisi kwake, kama mtu asiyependa sukari anavyokataa sukari. Kumbe alikuwa anapenda. Nimejifunza hilo nikiwa na nywele nyeupe kichwani, na nashukuru sikujifunza nikiwa nimechelewa.

Mama alitusubiri mlangoni. Hakuuliza bei, hakuuliza vyumba.

"Uliingia?" alimwuliza Baba.

"Niliingia kwa mama wa Bungoma."

"Nimekuuliza kama ulikunywa chai kwa mwanao."

Baba alivua kofia, akaitundika kwenye msumari, akachukua muda wake.

"Nilikunywa," alisema. "Ya mwisho ilipoa kabisa mkononi."