Lipu ya Kumwondolea Mwalimu Aibu

Katika ukoo wetu akili ziligawiwa watu wawili: mimi na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Za kwangu sikuzipeleka shule sana, nilichelea zisichakae. Za kwake alizipeleka mpaka akawa mwalimu wa ujenzi chuoni. Wanafunzi walimwita Mama Tope, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Kazi yake ilikuwa kufundisha mafundi na wachora ramani wa kesho kujenga bila kuchafua hewa. Alinieleza siku moja nikila kwake, kama ilivyo desturi yangu.

"Mjomba, saruji inapikwa kwa moto mkali, na moshi wake unaizidishia dunia joto. Tofali la udongo unalishindilia kwa mashine, unalikausha kivulini, basi. Tanuri halihitajiki."

"Kwa hiyo nyumba yangu ya saruji inachemsha dunia?"

"Na wewe mwenyewe humo ndani, Mjomba. Ndiyo maana unashinda kwangu."

Nikajipakulia tena. 

Somo lake lilikuwa la majaribio. Mkuu wa chuo alimwambia wazi: jengeni darasa moja la udongo, likivuka mvua somo linabaki, lisipovuka linafutwa. Wakajenga. Nilikwenda kulikagua, mkaguzi nisiye na mwajiri. Niliupiga ukuta teke, ukavimba mguu wangu. Ndani kulipoa kama mtungini. Kuta zilipakwa udongo laini wenye chokaa, naye mpwa wangu hakuchoka kuwaambia wanafunzi: "Ukuta huu unapumua. Ukilowa, uacheni ukauke. Msiuzibe pumzi." Wakaandika. Na mtihani wakafaulu wote.

Kisha dada yangu akaugua, binti akaenda kumuuguza. Huku nyuma chuo kikatangaziwa wageni. Wanafunzi wakatazamana: wageni wamkute mwalimu wetu na kibanda cha udongo? Wakachanga, wakanunua saruji, wakalipiga darasa zima lipu, nje na ndani, wakailainisha mpaka ikang'aa.

Aliporudi walijipanga mlangoni wakimpigia makofi. Nilikuwepo, nimembebea begi. Mpwa wangu akasimama, akauweka mkono ukutani kama anayempima mtoto homa.

"Nani kafanya?"

"Sisi sote, Mama!" akajibu kiranja wao, meno yote nje. "Tumekuondolea aibu."

Hakuwagombeza. Utamgombezaje mtu anayekupenda?

Kesho yake alichukua patasi aibandue. Kila kipande cha lipu kilitoka na nyama ya ukuta. Mkuu wa chuo akaja mbio.

"Mwalimu, una wazimu? Sasa ndiyo limekuwa jengo! Acha kabisa."

Akaacha. Mvua yenyewe wala haikuwa kubwa. Lipu ilipata nyufa nyembamba kama nywele, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea. Nje ukuta unang'aa, ndani uji. Asubuhi moja kona ikakaa chini, taratibu, kama mzee aliyechoka kusimama. Hakuumia mtu.

Alikwenda ofisini kueleza kwamba kosa lilikuwa lipu.

"Unataka kuniambia," mkuu akamuuliza, "saruji ndiyo imeuangusha udongo?"

Ofisi nzima ikacheka. Somo likafutwa.

Jana alikuja kwangu, kwenye tanuri langu la nyumba ya saruji, akaketi sakafuni. Nikamtania kwamba sasa atapikwa na yeye kama saruji. Hakucheka.

"Wamenipa somo jingine, Mjomba."

"Lipi?"

"Kupiga lipu ya saruji. Wanafunzi wale wale."

"Shukuru basi. Kazi ni kazi."

"Nitawafundisha nini? Hilo wanalijua."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni.  Nikaokota kipande cha boksi, nikawa nampepea.