Kiti Kipya cha Pikipiki ya Jonan

Karibu kila mwendesha bodaboda wa Bwera amekalia kazi ya mikono ya Night. Kibanda chake kiko kando ya barabara iendayo mpakani Mpondwe, cherehani barazani, na siku nzima yeye huvua viti vya pikipiki ngozi zilizochakaa na kuvivika mpya. Zamani alikuwa akishona kanzu za wanakwaya. Siku moja mumewe, Jonan, alimletea kiti kilichopasuka, Night akajaribu kukishona, kikatoka vizuri, na tangu hapo wateja hawajaisha.

Jonan mwenyewe alikuwa mwendesha bodaboda. Miaka mingi alipita kati ya Bwera na Kasese, akibeba kahawa ya Kyondo, wagonjwa, maharusi, hata mbuzi. Kisha sukari ikampata. Kidonda cha mguu kikakataa kupona, na hospitalini wakaukata chini ya goti. Ulikuwa mguu wa kushoto, ule wa kubadilishia gia.

Pikipiki ikawekwa nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Ilikuwa ya zamani hata kabla Jonan hajainunua. Panya wakatafuna kiti, maji ya mvua yakalowesha sponji, na kuku mmoja akaona shimo lile linafaa kutagia mayai. Night alishona viti vya watu wengine, lakini hicho hakukigusa. Alipopita hapo na jerikeni la maji alitazama upande mwingine.

Jonan akaanza kuota. Asubuhi, kabla ya chai, alimsimulia mkewe kwa sauti ya chini, macho yake bado yako mbali.

"Nilikuwa naendesha kwenye ukungu," alisema. "Injini haikuwa na sauti. Mlima ulikuwa unatembea pamoja nami, huku kushoto, kama mtu anayenisindikiza."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Sijui. Naamka kabla sijafika."

Ndoto hizo zilimchosha. Baada ya muda akasema pikipiki iuzwe, labda ikiondoka machoni itaondoka na usingizini. Mnunuzi akapatikana upesi: Lokwang, askari mstaafu kutoka Karamoja, aliyetoka kambini akabaki Bwera kwa sababu alizoea baridi ya milima. Alikuja, akaizunguka pikipiki, akaipiga kiki mpaka ikaguruma.

"Injini iko sawa," akasema. "Lakini kiti hii ni nyumba ya kuku. Mama atengeneze kwanza, halafu mimi nachukua."

Basi Night akaenda kutafuta ngozi ya bandia kwa Rachelle, mwanamke wa Kasindi, upande wa Kongo, ambaye huvuka mpaka siku za soko na mabunda yake. Rachelle alimkunjulia kipande cha rangi ya kahawia.

"Mama Night, twaa hii. Iko nguvu, maji haiwezi kupita. Ni ya mutu gani?"

"Ya mume wangu," Night akajibu. Alikuwa ameshafika barabarani, bunda kwapani, alipokumbuka kwamba ni ya Lokwang.

Alasiri hiyo mawingu yalishuka kutoka Rwenzori mpaka kwenye migomba, na mji ukanyamaza. Jonan alikaa kwenye benchi la kibanda, kiti kikiwa mapajani mwake kimepinduliwa, akang'oa pini moja moja kwa koleo. Night alifumua ngozi kuukuu kwenye mishono yake, akavilaza vipande juu ya ngozi mpya na kuvifuatisha kwa chaki. Kisha akatupa sponji iliyooza, akagundisha mpya, na kuanza kuichonga kwa kisu kirefu.

Kuchonga sponji hakuna kelele. Mikono inakwenda, na mawazo yanakwenda kwao. Night alijiona tena msichana, amekaa upande nyuma ya Jonan, aliyekuwa bado kijana asiyemjua vizuri, wakishuka kutoka Mahango, upepo umejaa ndani ya gauni lake. Alikumbuka kwamba siku ile alitamani njia isiishe. Alikumbuka pia alivyotazama mikono ya yule kijana kwenye usukani na kutaka kujua inasikia nini.

"Hapo nyuma umepafanya pana," Jonan alisema.

Night akatazama. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameacha sponji nyingi nyuma, na kuiinua ukingoni ili mtu asiteleze.

"Lokwang hana abiria," Jonan akaongeza.

"Nafasi hiyo si ya Lokwang."

"Ni ya nani?"

"Yako."

Jonan alipapasa ukingo ule kwa kiganja. Mvua ilianza, nyepesi, ikigusa tu mabati.

"Na mbele atakaa nani?"

Night aliendelea kuchonga, polepole zaidi. Jonan aliokota pini moja iliyoanguka, akaidondosha kwenye kopo.

"Basi ongeza kidogo kushoto," alisema hatimaye. "Ndiko ninakoegemea siku hizi."

Night akaongeza sponji. Juu yake akatandaza nailoni ya kuzuia maji. Kwa kuwa jua lilikuwa limejificha, alianika ngozi aliyokwisha kuikata na kuishona karibu na jiko la mkaa mpaka ikalainika, kisha wakaivuta pamoja, yeye mbele, mumewe nyuma, mwisho mbavuni, mpaka mikunjo yote ikaisha.

Lokwang alikuja asubuhi. Night alimpokea amesimama.

"Afande, naomba unisamehe. Pikipiki haiuzwi tena."

Mzee alibonyeza kiti kwa kidole gumba, mbele, kisha nyuma. Alimtazama Jonan na magongo yake.

"Nani ataendesha?"

"Mimi," Night akajibu.

"Unajua?"

"Sijui."

"Basi tuende uwanjani," Lokwang akasema, kana kwamba hilo ndilo alilojia.

Alimfundisha kwenye uwanja wa mpira kama alivyofundishwa yeye jeshini. "Panda. Shika klachi. Achia pole pole. Angalia mbele, si mukono! Mukono inajua kazi yake." Night alianguka, akaungua kwenye shavu la mguu kwa bomba la moshi, akainuka. Jonan alikaa karibu na goli akimwambia gia kwa kuinua vidole, na kila Night alipokosea yeye ndiye aliyefumba macho. Kanisani wapo waliosema mwanamke mzima hafai kutanua miguu barabarani. Night alivaa suruali ndani ya sketi, akaendelea kujifunza, na leseni akaipata.

Safari yao ya kwanza ndefu ilikuwa kwenda Katwe, kwa Alisi, dada yake Jonan, anayevuna chumvi ziwani na ambaye hakuwa amemwona kaka yake tangu akatwe mguu. Waliondoka alfajiri. Night alimfunga mumewe kwake kwa kitenge, magongo yakalazwa ubavuni. Walipita Kikorongo nyasi zikiwa bado na umande. Swala walisimama kando ya njia wakiwatazama tu. Mbele mwanga ulikuwa mweupe, hakuna mpaka kati ya ziwa na mbingu, na kwa muda Night hakujua kama barabara inashuka au inapanda. Alisikia mikononi mwake mtetemo mdogo, sawasawa, kama kitu kilicho hai kinachopumua. Nyuma yake Jonan alikuwa amemwekea kidevu begani.

Alisi alikuwa ndani ya maji mpaka magotini walipofika. Aliwatazama wakishuka ukingo, akadhani ni wageni mpaka Jonan alipovua kofia ngumu; Night alikuwa bado na yake kichwani.

"Nani huyo amekuleta?" akamuuliza kaka yake.

"Dereva wangu," Jonan alisema, akanyoosha mkono apewe magongo.