Kura Moja ya Kengele

Karatasi ya matokeo ilibandikwa kwenye mlango wa shule Jumapili jioni, kwa gundi ya unga wa ngano, na kufikia Jumatatu asubuhi Wayrapata nzima ilikuwa imeshaisoma, wanaojua kusoma na wasiojua. Ilikuwa na mistari miwili tu ya maana, kila mmoja na alama ya chama kilichogombea urais. Sufuria, kura mia moja themanini na saba. Kengele, kura moja.

Moja! Afadhali zingekuwa ishirini. Ishirini ni mgawanyiko, watu wangenuniana wiki mbili yakaisha. Lakini moja ni mtu. Ana pua na miguu, anachota maji bombani na wenzake, na kijiji cha kaya sitini hakiwezi kupata usingizi mpaka kimjue.

Eulogia Huamaní alisimama mbele ya mlango ule, mzigo wa kuni mgongoni, akamwomba mke wa mwalimu amsomee. Akasomewa mara mbili. Akashukuru, akaenda kuwafungulia kondoo wake. Kura ile ilikuwa yake. Njiani aliungoja moyo ushtuke, ukakataa kushtuka. Aliwahesabu kondoo wakitoka zizini, wakawa tisa kama kawaida.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kwa karibu miaka arobaini watu walimjua kwa jambo moja. Mumewe, Máximo, alichukuliwa na wanajeshi asubuhi akiwa anamfunga punda mzigo, asirudi tena. Kila mwaka wajane wa milima hii huteremka mjini na picha za watu wao kifuani, na Eulogia ndiye anayetangulia. Akipita, wanaume huvua kofia. Akisema jambo kwenye mkutano, jambo hilo huwa limekwisha. Heshima ya namna hiyo haiombwi, na ukishapewa huwezi kuirudisha.

Hilo ndilo linalosemwa. La pili halisemwi. Miaka miwili kabla ya Máximo, waasi waliingia Wayrapata wakawakusanya watu uwanjani, wakamtoa mbele kaka yake Eulogia, Zenón, aliyekuwa ameshika fimbo ya uongozi mwaka ule. Wakamwita mbwa wa serikali. Wakamuua mbele ya kanisa, na watu wakaamriwa watazame. Waliomwonyesha kwa kidole walikuwa wa hapahapa, na mmoja wao alikuwa baba yake Honorato Ccente, mwenyekiti wetu wa sasa. Zenón hana picha inayobebwa na mtu. Atabebwaje, na waliomtaja wajukuu wao wanacheza mlangoni kwako?

Basi uchaguzi ulipokuja, mambo yakawa mepesi kwa wote isipokuwa mtu mmoja. Mgombea wa Kengele alikuwa kanali mstaafu, na nani Wayrapata ampe kura mwanajeshi? Mwezi wa tano tulikutana tukanyoosha mikono, wote Sufuria. Kwetu kura huamuliwa hivyo, mkono juu, halafu siku yenyewe unaipeleka tu kwenye karatasi kama aliyetumwa dukani. Eulogia alinyoosha mkono wake pia, na hakuwa anadanganya. Ila wiki ya mwisho redio ilisoma majina ya wakubwa wa Sufuria, wale watakaokwenda na mgombea wao ikulu, na jina moja alilitambua. Mwenye jina hilo alikuwa amesimama uwanjani siku ya Zenón, upande wa waasi, kijana wa chuo, ameshika daftari, akiandika.

Siku ya kura, nyuma ya kibanda cha kadibodi, aliitazama picha ya sufuria kwa muda. Kisha akaweka msalaba juu ya kengele. Kanali hakumpenda hata kidogo; watu wa kanali ndio waliomchukua Máximo. Angeweza kuiacha karatasi tupu. Mpaka leo hajui kwa nini hakuiacha. Alitoka, akachovya kidole kwenye wino, akanunua chumvi, akarudi nyumbani.

Jumanne Honorato aliitisha mkutano. Honorato si mtu mbaya, tumtendee haki. Ni mtu anayependa vitu viishe vikiwa vimenyooka, na ile kura moja ilimkera kama jiwe ndani ya kiatu. Akasema kura ni siri, sheria inasema hivyo, wala yeye hamwulizi mtu. Anachotaka ni kila mwenye kitambulisho aubusu msalaba wa kijiji na kuapa kwamba hakuipigia Kengele. Mke wa mwalimu akauliza hiyo siri sasa imebaki wapi. Akaambiwa yeye ni mgeni, atulie.

Wakapanga mstari. Wazee walibusu, vijana walibusu, walevi wawili walibusu mara mbili. Eulogia akafika, akaapa, akabusu. Mbao ilikuwa baridi mdomoni. Alijua ni dhambi, na akajua kwamba hasikii lolote, na hilo la pili ndilo lililomshangaza kidogo.

Kisha akafika Teófilo Ayala, yule anayesali na walokole. Akavua kofia, akasema:

"Sikuipigia Kengele. Lakini kuapa siapi. Imani yangu inanikataza. Ndiyo yangu ni ndiyo, na siyo yangu ni siyo."

Ala! Watu wakatazamana. Mtu mzima, shamba lake halijavunwa, anaombwa busu moja la msalaba anakataa? Na mchungaji wake wa mjini, si ndiye aliyekuwa akiwaambia waumini Kengele ni chaguo la Mungu? Mwenye macho haambiwi tazama. Honorato alimwuliza mara tatu, na mara tatu Teófilo akajibu yaleyale, shingo imekakamaa kama ya fahali wa plau. Ukaidi nao ni ugonjwa. Mkutano ukaamua: hakuna atakayetia jembe kwenye shamba la Teófilo mwaka huu.

Kwa mtu wa mjini hiyo ni adhabu ndogo. Kwetu viazi havivunwi na mtu mmoja. Leo wote kwangu, kesho wote kwako, na hakuna anayelipwa ila kwa mgongo wa mwenzake. Halafu tarehe ishirini na nne mwezi wa sita, siku ya Mtakatifu Yohane, fito za lango la mashamba ya juu huondolewa na mifugo ya kijiji kizima huingia. Kitakachokuwa bado ardhini ni cha nguruwe. Siku hiyo haijawahi kusogezwa kwa ajili ya mtu, hata aliyefiwa. Teófilo alikuwa na matuta zaidi ya mia mbili, binti yake pekee yuko Lima, na mkewe Basilia ni mgonjwa wa nyonga. Zilibaki siku kumi na tano. Asipovuna, mwaka mzima watakula nini? Na mbegu ya mwaka ujao itatoka wapi?

Siku zile bombani na dukani hapakuwa na mazungumzo mengine. Wengine walisema anayempa mwuaji kura ameua naye, hana tofauti. Wengine, kwa sauti ya chini, wakasema kura ni tumbo, mtu huchagua anapodhani atapata shibe, na dhambi ni ya aliyeua. Basilia alipopita, wanawake waliacha kusema wakawa wanagonga ndoo kwa vijiko kama kengele, ngeng, ngeng, ngeng, mpaka alipokunja kona. Walicheka sana. Eulogia alikuwa pale, ndoo yake inajaa. Hakugonga. Hakuwakataza pia.

Kilichomfikia hatimaye kilitoka kwa Nicasia, rafiki yake wa ujanani, mjane mwenzake. Walikuwa wanamenya mahindi uani kwa Eulogia, siku ya kumi baada ya kiapo, na mbele yao mteremko wa mashamba ya juu unaonekana wote. Mashamba mengine yalikuwa yameshachimbuliwa, yamekaa wazi. Katikati palikuwa na watu wawili. Teófilo anachimba. Basilia hawezi kuinama, kwa hiyo amekaa chini kabisa kwenye udongo, anajiburura kwa makalio kutoka tuta hadi tuta, anaokota.

"Mtazame," akasema Nicasia. "Sasa kengele yake imsaidie kuchimba."

Eulogia akasema Basilia hakumkosea mtu.

"Kwani analala kitanda kimoja na nani? Mwenzangu, usiwe na huruma ya kijinga. Yule amewapa kura waliomchukua Máximo wako. Wewe husemi, unajua kuvumilia, lakini sisi tunaona. Hatuwezi kunyamaza. Tunafanya haya kwa ajili yako."

Eulogia aliendelea kumenya. Kwa ajili yangu, akawaza. Aliyarudia maneno yale mara kadhaa kichwani, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli. Usiku ule hakulia wala hakusali. Asubuhi alichukua jembe akapanda shambani kwa Teófilo, na Basilia akamwomba kwa adabu sana arudi nyumbani, asije akawaongezea maneno. Akarudi.

Jumapili, siku tatu kabla ya lango kufunguliwa, mkutano wa kugawa zamu za maji ulifanyika uwanjani baada ya chakula cha mchana. Teófilo na mkewe walikuja, kwa sababu asiyekuja hukosa maji, wakakaa pembeni peke yao, udongo bado kwenye viganja. Eulogia aliomba nafasi ya kusema. Wanaume wakavua kofia.

"Kura ile ni yangu," akasema. "Ya Kengele. Niliipiga mimi. Teófilo hana kosa. Mwacheni, mkamvunie viazi vyake."

Honorato akainuka polepole.

"Mama, uliapa."

"Niliapa uongo."

Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Kwa matusi, kwa mawe, kwa kufa peke yake bila mtu wa kumletea kuni, maana bila wenzake bibi wa umri ule ana miezi michache tu. Hakuwa amejiandaa kwa uso wa Honorato, ambao ulianza kutetemeka kidevuni. Mwenyekiti wetu alikuwa analia.

Akawageukia watu. Akawauliza kama wameona. Wameona moyo wa mama huyu? Mumewe amelala hajulikani alipo, na bado anajitwisha dhambi ya mtu mwingine, mbele ya msalaba, ili nyumba ya jirani isilale njaa. Wanawake wakaanza kufuta macho kwa ncha za shuka. Nicasia akasema kwa sauti kwamba ndivyo alivyo tangu utoto, ndivyo alivyo, huyu ni mtakatifu aliye hai.

"Sijitwishi," akasema Eulogia. "Ni mimi. Niulizeni kwa nini."

Hakuna aliyemwuliza. Walikuwa wamekwisha kumzunguka, wanamshika mikono, mmoja anamvalisha shali asipate baridi. Sababu alikuwa nayo mdomoni, jina la Zenón, na mbele yake amesimama mtoto wa aliyemtaja Zenón, anamlilia kwa mapenzi ya kweli. Alifumbua mdomo, akaufumba.

Honorato akasema ikiwa mwenye jeraha mwenyewe amesamehe, kijiji ni nani kishike kinyongo? Wamsaidie Teófilo. Kesho alfajiri, kaya zote sitini, na kwa mikono mingi hivyo shamba lile litakuwa limekwisha kabla ya jua la mchana. Kwa sharti moja tu, dogo. Teófilo aje hapa, mbele ya wote, amwombe mama msamaha.

Watu wakamtazama Teófilo. Yeye aliyekataa kuubusu msalaba kwa sababu siyo yake ni siyo. Alimtazama Eulogia, si kama wengine walivyokuwa wakimtazama. Alimtazama kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu siku nyingi na sasa amekiona. Ni yeye peke yake uwanja mzima aliyejua kwa hakika kwamba kura ile haikuwa ya Teófilo, kwa hiyo ni yeye peke yake aliyemsadiki bibi. Basilia alimgusa bega.

Akainuka. Akaja, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Nisamehe, mama, kwa kura yangu," akasema, na wote wakasikia.

Eulogia akamwinamia mpaka sikioni.

"Wewe unajua ni mimi," akanong'ona. "Simama. Usinifanyie hivi, mwanangu."

"Najua," akajibu Teófilo, bila kuinua kichwa. "Nyamaza, mama. Viazi vyangu vimo ardhini."

Ndipo aibu ikamfika. Ilimpanda kutoka magotini, moto, ikamfika usoni na kwenye mizizi ya nywele, na baada ya wiki mbili za ganzi ilimwuma hata akatamani kukaa chini. Watu walikuwa wanangoja. Akanyoosha mkono akauweka juu ya kichwa cha Teófilo, wakapiga makofi, na Honorato akaanza kuwapanga watu wa kuja na majembe na watu wa kuja na magunia.