Kibuyu cha mursik kilivyomuumbua daktari wa mama

Wakuu, salamu kutoka Litein. Hii sikuhadithiwa, nilikuwepo, na mama atanikana nikiongeza chumvi.

Mama ana asthma. Daktari wake ana kliniki hapa mjini, na kila akimwandikia dawa lazima aongeze: nenda ile chemist ya kule juu, hizi zingine zinauza feki.

Mama akaamini kabisa. Hata akampelekea mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ndani ya kibuyu chake chenye shanga nyekundu. (Kwetu mursik unapeana kwa roho safi, lakini kibuyu hurudi kwa mwenyewe.)

Siku chache baadaye kifua kikambana. Inhaler imeisha. Tukapanda mlima polepole tukizipita chemist zingine. Nikamwomba tuingie yoyote, akakataa kwa kichwa. Kuongea hawezi, lakini ubishi bado anao.

Kufika, mwenye duka, mwanamke mcheshi tu, akasema, "Inhaler zimeisha, mama. Kuja Monday."

Wakuu, niliogopa. Kifua cha mama kilikuwa kinapiga filimbi.

Lakini yeye alikuwa anaangalia rafu, kando ya syrup za watoto.

"Hiyo kibuyu... ni yangu," akasema kwa shida.

"Hii? Mzee wangu alipewa na mgonjwa, nikakuja nayo ya lunch. Iko tamu!"

"Mzee wako ni nani?"

Akamtaja mumewe, na ni daktari wetu, tena kwa fahari.

Mama akanyoosha mkono, akapewa kibuyu, tukashuka. Chemist ya kwanza ya "feki" ilikuwa na inhaler, kampuni ile ile, boksi lile lile. Alipoivuta na pumzi ikarudi, nilikaa kwa ngazi nikalia. Msicheke.

Nimeuliza jamaa anayesomea pharmacy. Anasema sheria za kazi yao hazimruhusu daktari kukusukuma kwa duka la familia yake bila kukuambia ni lao. Karatasi ya dawa ni yako, nunua unapotaka. Hilo ndilo nilijifunza.

Mama hajamhama daktari, anasema kutibu anajua. Ila siku hizi akiandikiwa dawa huuliza kwa sauti, foleni nzima ikisikia:

"Daktari, bibi yako ako na hii leo, ama niende tu kwa wale wa feki?"

Na wewe, daktari wako hukutuma wapi? Kabla hujajibu, kwanza angalia rafu vizuri.